Nullarbor, Stuart au Great Central: njia ipi kwa dereva aliye peke yake katika nyika ya Australia?

Kila mwaka baridi ya Perth inapoanza kuuma, napigiwa simu za aina moja. Mtu kamaliza masomo, au kapata likizo ya wiki tatu, au kaachana na mchumba, na sasa anataka kuchukua gari aikate Australia yeye na usukani wake. Kwenda ameshaamua. Anachotaka kujua ni apite wapi.

Maeneo makame ya ndani ya bara Waaustralia wanayaita Outback. Sisi watu wa pwani tuna neno letu, nyika, na linatosha, ila nyika ya kwetu ina watu. Gari likikufia kati ya Voi na Mtito Andei, kabla hujafungua boneti kijana ameshachomoza kichakani, ana spana mkononi na maoni yake kuhusu injini. Huku hachomozi mtu. Ndiyo maana njia zote nazipima kwa swali moja: gari likizima saa nane mchana, nani atapita, na atapita baada ya muda gani? Mandhari, gharama na picha za kurushia jamaa vinakuja baadaye.

Njia wanazoniuliza huwa ni tatu.

Ya kwanza ni barabara ya Eyre, inayokatiza uwanda wa Nullarbor kutoka Norseman, jimbo la Australia Magharibi, hadi Port Augusta, Australia Kusini. Ni kilomita 1,660 hivi, zote lami tangu 1976. Ukihesabu Perth mpaka Adelaide inakuwa 2,700. Ya pili ni barabara ya Stuart, inayopanda kutoka Port Augusta hadi Darwin ikipitia Alice Springs katikati ya bara. Ukianzia Adelaide unapiga kilomita 3,000 na ushee. Lami yake ilikamilika 1987. Ya tatu ni Great Central Road, kutoka Laverton hadi Yulara jirani na mwamba wa Uluru, kilomita 1,100 na kidogo. Hii ni ya vumbi. Kuna vipande vimeshawekwa lami na kazi inaendelea, lakini usiondoke nyumbani kwa kuitegemea hiyo lami.

Ili upate picha: Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 na ushee. Kutoka Norseman hadi Ceduna, mji wa kwanza utakaokutana nao, ni mara mbili na nusu ya safari hiyo. Katikati hakuna Voi, hakuna Emali, hakuna mama wa mahindi ya kuchoma.

Nullarbor: barabara rahisi inayoua kwa usingizi

Jina ni la Kilatini, maana yake hakuna mti. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya barabara ina miti, vichaka vya kijivu na kijani mpaka vinachosha macho. Uwanda mtupu wenyewe unaukatiza kwa muda mfupi tu upande wa Australia Kusini. Watu wengi wanaiogopa Nullarbor kuliko inavyostahili. Balladonia, Caiguna, Cocklebiddy, Madura, Mundrabilla na Eucla kwenye ramani yanaonekana majina ya miji, kumbe karibu yote ni vituo: pampu za mafuta, jiko la chipsi, baa, na safu ya vyumba vya kulala. Lakini vipo, na hakuna pengo kati ya kituo na kituo linalozidi kilomita 200 hivi. Gari dogo lolote lenye tangi zima linavuka bila kubeba hata dumu moja.

Na swali langu la saa nane mchana? Hapa jibu ni zuri. Hii ndiyo njia ya lami inayounganisha Perth na mashariki kwa upande wa kusini, kwa hiyo malori hayakatiki, na wazee waliostaafu wanapita na matela yao ya kulala ndani. Mimi nilisimama karibu na Madura kufunga kamba ya mzigo tu, na magari mawili yakapunguza mwendo dereva akiuliza kwa kidole gumba kama niko salama. Vipande kadhaa vya barabara hii vimechorwa alama za uwanja wa ndege ili madaktari wa angani watue juu ya lami. Huduma hiyo ya madaktari ilianza 1928. Msomaji wa Nairobi ataijua mara moja, kwani AMREF ya 1957 ilianza kwa wazo lilelile la daktari kumfuata mgonjwa kwa ndege.

Hatari yake ni nyingine. Kati ya Balladonia na Caiguna kuna kipande cha kilomita 146.6 kisicho na kona hata moja. Fikiria Nairobi mpaka karibu na Nakuru, usukani umenyooka vile vile. Dakika ishirini za kwanza unacheka, unapiga picha ya bango. Baada ya hapo mwili unaanza kukusaliti. Nilifika Caiguna nikaagiza kahawa, na nilipojaribu kukumbuka kilomita thelathini za mwisho sikuzipata. Sikuwa nimelala, macho yalikuwa wazi, ila hakuna aliyekuwa anaendesha lile gari. Ukiwa na mwenzako angekuambia "vipi, mbona kimya?" Peke yako huna wa kukuuliza. Tangu siku ile, kila saa mbili nasimama, nashuka, nazunguka gari mara tatu, nakagua matairi kwa mguu. Kile kifaa cha kushikilia mwendo nakizima kwenye kipande hiki, maana mguu ukiwa na kazi na kichwa kinabaki na kazi.

Kuna vijimambo viwili vya kujua. Ukielekea mashariki, Ceduna wanakagua gari na kukunyang'anya matunda na mboga. Ukielekea magharibi ukaguzi uko mpakani, na huko hata asali haivuki. Nilisimama kando ya barabara nikala ndizi sita kwa mpigo, na sijapenda ndizi tena kwa mwezi mzima. Jambo la pili ni saa. Kuanzia Caiguna kwenda mpakani wana saa yao wenyewe isiyo rasmi, robo tatu ya saa mbele ya Perth. Nilikuwa nimemwahidi dada yangu wa Tanga kumpigia kila jioni kwa saa maalumu. Jioni ile nilichanganya saa ya Perth, saa ya Eucla na saa ya Kiswahili, nikampata ameshaanza kulia.

Cha kuona ni kichache, ila kikubwa. Upande wa Australia Kusini barabara inasogea kwenye ukingo wa bara, na hapo ardhi imekatika kama mkate: majabali ya mita 60 hadi 120 kwenda chini, kisha bahari moja kwa moja mpaka Antaktika. Head of Bight, kati ya Mei na Oktoba, nyangumi wanakuja kuzalia, unawaona kwa macho bila darubini. Nilikaa pale saa tatu na sikujuta. Eucla kuna magofu ya kituo cha simu za maandishi cha 1877, mchanga unayameza taratibu. Na kama unacheza gofu, uwanja wa mashimo kumi na manane umetandazwa kilomita 1,365 kati ya Kalgoorlie na Ceduna, shimo moja hapa, jingine baada ya saa nzima ya kuendesha. Mimi sichezi. Nilikutana na mzee aliyekuwa ameshapoteza mipira kumi na mmoja na furaha imemjaa.

Stuart: ndefu zaidi, lakini upweke unapumzika

Tofauti ya kwanza na Nullarbor utaisikia usiku. Kwenye Stuart, karibu kila siku moja na nusu unaingia mji wa kweli: Coober Pedy, Alice Springs, Tennant Creek, Katherine. Miji midogo, sawa, lakini ina hospitali, fundi, duka kubwa, na hosteli yenye vijana wa kila taifa waliochoka kama wewe. Kwa mtu aliye peke yake hiyo si anasa. Siku ya tatu ya kimya ndiyo inayowavunja wengi, na Stuart inakupa mtu wa kuzungumza naye kabla siku hiyo haijafika.

Mapengo ya mafuta ni makubwa kidogo. Glendambo hadi Coober Pedy ni kilomita 250 hivi bila pampu, na Coober Pedy hadi Marla si mbali sana na hapo. Kanuni yangu ni nyepesi: kwenye barabara hii kila pampu ninayoikuta najaza, hata kama tangi liko nusu na bei inauma. Mtandao wa simu unakufa ukitoka mjini kilomita chache tu. Kampuni yenye mtandao mpana zaidi huko ni Telstra, na hata hiyo ina saa nyingi za kimya.

Coober Pedy panastahili usiku mzima. Ni mji wa madini ya opali tangu 1915, na joto likiwa kali kupita kiasi watu walichimba nyumba zao ardhini, pamoja na makanisa. Jina linatoka kwenye lugha ya wenyeji na kwa kawaida hufasiriwa "shimo la mzungu". Nilipolisikia nilicheka peke yangu mezani mpaka mhudumu akaja kuuliza. Nililala chini ya mwamba, hakuna dirisha, hakuna feni, giza la kisima, na sijawahi kulala vile Australia nzima.

Sasa malori. Kwenye Stuart kuna yale wanayoyaita treni za barabara: kichwa kimoja, matela matatu au zaidi, urefu hadi mita 53.5. Ulizoea kuovateki fuso Chalinze, sahau. Lori likienda 100 na wewe 125, unahitaji zaidi ya sekunde kumi na tano upande usio wako, na ndani ya sekunde hizo unakula nusu kilomita na zaidi. Kama huoni kilomita nzima iliyo tupu mbele yako, baki nyuma, washa redio. Likikujia mbele, shika usukani kwa mikono miwili, kwani upepo wake unakusukuma kisha unakuvuta. Na katika Northern Territory, eneo la kaskazini lenye Alice Springs na Darwin, mwendo unaruhusiwa kufika 130 sehemu kubwa ya barabara hii. Kuruhusiwa si kulazimishwa. Kwa 130 gari langu dogo lilikunywa mafuta kama ngamia aliyefika kisimani, na hapo hapo mapengo ya pampu yakawa marefu ghafla.

Uluru inawachanganya wengi. Watu hudhani iko Alice Springs. Haiko. Unakata kushoto Erldunda ukiwa unapanda kaskazini, unaendesha kilomita 245 hivi, na inabidi urudi njia hiyo hiyo. Weka siku mbili kamili. Kuupanda mwamba kumefungwa tangu 26 Oktoba 2019 kwa matakwa ya Waanangu, wenye ardhi hiyo waliorudishiwa hati mwaka 1985. Ukiuzunguka kwa miguu asubuhi na mapema, kilomita kumi na kitu, utauelewa vizuri kuliko yeyote aliyewahi kuukanyaga kichwani.

Baada ya Alice nchi inabadilika. Kilomita mia moja kabla ya Tennant Creek kuna Karlu Karlu, mawe ya duara makubwa kuliko nyumba, yamepangwa kama mtoto aliacha kucheza akaitwa kula. Mataranka kuna chemchemi ya maji ya nyuzi 34, na baada ya siku nne za kukaa kwenye kiti mgongo wangu ulitaka kubaki humo. Kuanzia Katherine kwenda juu kuna mamba. Mtu wa Rufiji au Tana hahitaji maelezo, lakini nimeona vijana wa Ulaya wakivua viatu mtoni pasipo na bango la kuruhusu.

Majira ndiyo yanayoamua Stuart kuliko unavyopenda. Novemba hadi Aprili kaskazini kuna mvua, mito inafunika barabara, na kusini mwa Alice joto linavuka nyuzi 40 siku kwa siku. Nenda Mei hadi Septemba. Ila beba blanketi, Alice Springs mwezi wa saba usiku unashuka chini ya sifuri, na mimi niliyeambiwa naenda jangwani nililala na soksi mbili. Nullarbor haina ukali huo wa majira. Unaweza kuivuka mwaka mzima, japo kiangazi chake nacho si cha mzaha.

Kuna swali ambalo dada zetu huniuliza kwa sauti ya chini: je, watu? Mwaka 2001 mtalii wa Kiingereza aliuawa usiku karibu na Barrow Creek, na kisa kile bado kinasimuliwa kila baa ya njia ile. Nasema hivi: ni tukio lililokumbukwa kwa sababu ni adimu. Lakini somo lake la vitendo linabaki. Usiendeshe usiku, na usiku usisimame kwa anayekupungia taa; fika kituoni, piga 000 au mwambie mhudumu.

Great Central: hii sikuipita peke yangu

Niseme wazi. Nimeipita Great Central mara moja, tukiwa magari mawili na watu wanne, na ndiyo maana naandika kwa ujasiri kwamba usianze nayo.

Uzuri wake unazidi hizo mbili, siwezi kuuficha. Udongo mwekundu kama kutu ya meli, mivinje ya jangwani inayopiga mluzi upepo ukipita, na ngamia wanaovuka njia kwa madaha. Wale ngamia ni wajukuu wa walioletwa karne ya 19 kutoka India na Afghanistan pamoja na wachungaji wao. Gari la injini lilipokuja wakaachiwa, wakazaliana. Unapita katika ardhi za wenyeji, kwa hiyo unaomba vibali mapema, upande wa Australia Magharibi na upande wa Northern Territory, na pombe haiingii. Vituo vya njiani ni vitatu, Tjukayirla, Warburton na Warakurna, na mapengo kati yao ni kilomita 230 hadi 330. Petroli yao ni aina iitwayo Opal, iliyopunguzwa kemikali zinazolevya ili vijana wasiinuse. Tuliokua tukiona watoto wa mitaani na chupa za gundi Mombasa na Dar tunaelewa bila kufafanuliwa. Injini inaipokea vizuri.

Inapendeza pia kuwa fupi. Perth hadi Alice Springs kwa huku unaokoa kilomita 1,000 ukilinganisha na kuzunguka kwa Port Augusta. Hapo ndipo watu wanaponaswa. Kando ya barabara yamelala magari yaliyokufa, mengine yamepinduka, mengine yamechomwa, na kila moja lilikuwa na mwenyewe aliyekuwa anaokoa kilomita. Njia imejaa vituta vidogo vidogo vilivyojipanga kama bati la paa. Vinatikisa gari saa sita mfululizo mpaka skrubu zinajifungua zenyewe. Sisi tulipata pancha tatu. Ya pili ilitupata mchangani, jeki ikazama, na watu wawili walishika ubao chini ya jeki huku wa tatu akizungusha. Nilijitazama nikajiuliza kazi ile ningeifanya vipi mimi mmoja, nyuzi 36, mikono miwili.

Saa nane mchana, nani atapita? Siku ya pili tuliendesha kutoka saa tatu asubuhi hadi saa saba tukakutana na gari moja. Mvua ikinyesha njia inafungwa, na ukiipita imefungwa unapigwa faini. Ukiharibikiwa, gari la kukuvuta linatoka mbali sana na bili yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola. Magari mengi ya kukodi hayaruhusiwi kukanyaga vumbi kabisa. Jamaa yangu mmoja hakuusoma mkataba hadi mwisho, jiwe likapasua kioo, na bima ikamwambia maneno mazuri tu bila senti.

Kama moyo umeshaing'ang'ania, basi uwe na gari la 4x4 lako mwenyewe unalolijua kwa mlio, spea mbili kamili na siyo zile nyembamba, pampu ya upepo kwa sababu utapunguza upepo wa matairi kwenye vumbi na kuujaza kwenye lami, maji lita 40, na kifaa cha setilaiti. Na bora zaidi, pale Laverton subiri siku moja upate msafara.

Gharama, na mambo ambayo hayabadiliki

Peke yako hugawani chochote, kwa hiyo hesabu iwe kavu. Gari dogo linalokula lita 8 kwa kilomita 100 litahitaji lita 216 hivi Perth hadi Adelaide, na lita 240 na zaidi Adelaide hadi Darwin, kabla ya kukata kwenda Uluru, ambako kutaongeza lita 40. Gari la 4x4 la lita 12 au 13 linapandisha yote hayo kwa nusu. Bei za vituo vya nyikani ziko juu sana kuliko mjini. Ukikodi, kuliacha gari mji mwingine kuna ada yake, na kwa Darwin ada hiyo inaweza kukushangaza. Uliza kabla hujatoa kadi. Kwa malazi Stuart ni nafuu kwa mtu mmoja, kwa sababu ya hosteli za kulala wengi chumba kimoja. Nullarbor unalipia chumba kizima cha kituo, au unalala garini kwenye maegesho ya mapumziko, kama nilivyofanya mara mbili. Wezi hawakuwapo, upepo ndio ulinisumbua.

Usiku acha. Kangaruu wanatoka jua likizama na wanaruka kuelekea taa, siyo kuzikimbia. Magari ya huku yanafungwa ngao za chuma mbele kwa sababu hiyo. Kampuni nyingi za kukodi zinakata bima gari likiendeshwa nyikani kati ya magharibi na alfajiri. Mwezi wa saba jua linazama mapema, kwa hiyo siku yako ya kuendesha ni saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ukitoa mapumziko. Kilomita 700 ni siku nzito, nyingi zaidi ya hapo ni ubishi. Mchana nao jihadhari na tai wakubwa wanaokula mizoga: wanachelewa kuruka, na wanaruka kuelekea upepo unakotoka.

Nunua au kodi kifaa cha dharura cha setilaiti. Kuna kile cha kubonyeza mara moja tu unapokufa, hakina ada ya mwezi. Na kuna cha kutuma ujumbe, chenye ada, ambacho kwa msafiri mpweke nakipenda zaidi, kwani mama anaweza kusoma "nimefika Marla, nakula" badala ya kusubiri habari mbaya. Mwachie mtu mmoja ratiba yenye majina ya vituo na saa, na mkubaliane lini aanze kupiga simu polisi. Gari likizima, kaa nalo. Gari linaonekana toka angani, mtu anayetembea haonekani.

Mkenya, Mganda na Mtanzania wataendesha kushoto kama nyumbani. Ndugu wa Congo, Rwanda na Burundi wamezoea kulia, na peke yako hakuna wa kukupigia kelele "upande wako!" asubuhi unapotoka kituoni ukiwa na usingizi. Bandika karatasi kwenye dashibodi. Leseni iliyoandikwa kwa Kifaransa itahitaji tafsiri au kibali cha kimataifa cha kuendesha.

Basi, uchukue ipi?

Kama hujawahi kusafiri nyikani peke yako, una gari dogo na wiki moja: Nullarbor, na uelekee mashariki. Jua la jioni linabaki mgongoni, na pepo za magharibi za majira ya baridi zinakusukuma badala ya kukupinga. Kwa aliyevuka kwenda magharibi akipambana na upepo wa mbele, tofauti inaonekana kwenye geji ya mafuta.

Kama una wiki mbili au tatu kati ya Mei na Septemba, na ukweli wa moyo wako ni kwamba kimya kinakutisha kidogo, usione haya: Stuart. Mimi mwenyewe, nikilazimishwa kuchagua moja tu ya kurudia, ningeichukua hii, japo mke wangu anadhani ni kwa sababu ya kile chumba cha Coober Pedy. Pandia Adelaide uelekee Darwin, ili baridi ikuishe njiani na mwisho wa safari uwe wa kaptula.

Great Central iache mpaka uwe umeshapita moja kati ya hizo mbili na umebadilisha tairi peke yako angalau mara moja pasipo mtu wa kukushikia tochi. Jaribu nyumbani kwanza, uwanjani, jua la mchana, na saa mkononi. Mimi nilitumia dakika hamsini na tano, na hapo jeki ilikuwa juu ya saruji.